Njiwa Hawatoshi: Maneno Yangu Juu ya John Woo

Mwenyekiti wa kikao, wakubwa zangu na wadogo zangu, wapenzi wenzangu wa filamu, salaam.

Maneno makali yamesemwa hapa kabla yangu. Mwenzetu mmoja ametuambia kuwa John Woo, mwongozaji wa filamu wa Hong Kong, alikwisha siku ile aliyokwenda Hollywood. Mwingine akasimama kumjibu kwamba hakuna kilichokwisha, kwa sababu hakikuwahi kuwapo: ni njiwa, makoti marefu, bastola mbili mikononi na picha za mwendo wa pole, ondoa hivyo vinne uone kama kuna filamu inayobaki. Na nimewaona watu kule nyuma wakiwapigia makofi wote wawili! Nimeombwa nipatanishe. Jamani, mimi si mpatanishi, nina upande wangu, na afadhali niuseme mapema ili anayetaka kukasirika aanze sasa. Woo ni mwongozaji wa watu wawili. Mpe watu wawili waliofungwa pamoja na deni, kiapo au hatia, mwachie na muda wa kuwatazama, atakupa filamu utakayokwenda nayo kaburini. Mnyime mmoja wao, atakupa njiwa.

Historia yake nitaipita haraka, maana wengi mnaijua. Alizaliwa Guangzhou mwaka 1946, akakulia Hong Kong katika umaskini wa kweli. Moto mkubwa wa Shek Kip Mei wa mwaka 1953 uliwaacha maelfu ya watu bila makazi, na familia yake ilikuwamo. Karo yake ya shule ililipwa na familia ya Kimarekani kupitia kanisa. Nalitaja hilo kwa ajili ya ndugu yetu aliyelalamika kwamba filamu za Woo zina mishumaa na sanamu za Bikira Maria kuliko inavyohitajika. Yeye hakuziokota kwenye duka la mapambo. Baadaye akawa msaidizi wa Chang Cheh, yule bingwa wa filamu za mapanga ambamo ndugu wa kiapo hufa wamesimama, upanga tumboni, wakiendelea kupigana. Kisha kwa miaka mingi akatengeneza vichekesho. Ndiyo, vichekesho. Hadi alipofika mwaka 1986 hakuna aliyemtegemea kwa lolote kubwa.

Mwaka huo ndipo ilipotoka A Better Tomorrow, chini ya mtayarishaji Tsui Hark. Tazameni alichokuwa nacho mkononi. Ti Lung, nyota wa zamani wa Chang Cheh ambaye enzi zake zilishapita. Leslie Cheung, aliyejulikana zaidi kwa nyimbo. Na Chow Yun-fat, kipenzi cha televisheni ambaye kwenye sinema watayarishaji walimwona mkosi. Filamu ikavunja rekodi ya mapato ya Hong Kong, na vijana wakaanza kuvaa makoti marefu katika joto lile, kwa sababu tu Chow alivaa.

Sasa naomba tukae kidogo kwenye onyesho moja, lile la vyungu vya maua. Mark, yaani Chow, anatembea kwenye korido ya mkahawa akiwa na mwanamke ubavuni, anacheka, anayumbayumba kimahaba, na kila akipita penye chungu cha maua anadumbukiza bastola. Halafu anafungua mlango na kuanza kupiga risasi kwa mikono miwili. Risasi zikimwishia hajazi upya. Anazitupa zile bastola sakafuni, anarudi kinyumenyume kwenye korido ileile, na kila chungu kinamkabidhi silaha nyingine. Wengi husifu mtindo wa kutupa bastola. Mimi nasifu matembezi ya mwanzo. Kwa sababu tumeviona vyungu mapema, tunajua ametoka umbali gani na amebakiza umbali gani. Hatuhitaji kuelezwa kwamba mtu huyu amepanga kurudi hai. Na anapofika mwisho, akidhani kazi imekwisha, mtu mmoja aliyekuwa bado anapumua anampiga risasi mguuni.

Ingekuwa filamu ya mwongozaji mwingine, mguu ungepona baada ya dakika 10. Hapa miaka inapita, na tunamkuta Mark akichechemea, akisafisha vioo vya magari, huku kijana aliyewahi kuwa chini yake akimtupia pesa chini aziokote. Anaokota. Rafiki yake Ho, aliyetoka jela, anasimama kwa mbali akitazama. Ulemavu ule Mark aliupata akimlipizia kisasi Ho. Hawaambiani neno hapo. Na ndiyo maana risasi zinazofuata zina uzito: kila moja ina mwenyewe.

Nimemsikia mtu akinong'ona kwamba huo ni uimbaji wa machozi. Ni kweli. Woo haoni haya kuliza watu, na asiyependa kulizwa asimfuate. Ila tusichanganye kutopenda na kutokuwapo.

Twende kwenye The Killer, ya mwaka 1989. Wale ambao hawajaitazama wazibe masikio, ingawa baada ya miaka yote hii sidhani kama nina kosa. Sisi tumelelewa na kanuni moja ya muvi: steringi hafi. Risasi zimkose, aangukiwe na ghorofa, atatoka akipangusa vumbi. Ah Jong, muuaji wa kukodiwa, amempofusha mwimbaji Jenny kwa bahati mbaya katika ufyatuaji wa risasi, na filamu nzima anatafuta pesa za kumrudishia macho. Akifika mwishoni anamwambia kachero Li, aliyegeuka kutoka mwindaji kuwa rafiki, kwamba akifa, macho yake yatumike kumponya Jenny. Mnakumbuka kinachotokea? Anapigwa risasi za macho. Anatambaa matopeni nje ya kanisa akimwita Jenny, Jenny naye anatambaa akimwita, wote vipofu, na wanapishana. Wanapishana hivi hivi, hawagusani. Kamera haina haraka. Kachero Li anabaki na hasira isiyo na pa kwenda, mpaka anampiga risasi mkuu wa majambazi mbele ya polisi wenzake, wakati yule ameshajisalimisha.

Nani kati yetu angethubutu kuandika hivyo? Steringi afe, afe bila kufanikiwa, na ile zawadi yake ya mwisho iharibiwe palepale. Ukiniambia hiyo ni njiwa na makoti, nitakuomba uitazame upya, safari hii bila simu mkononi.

Kuhusu mwendo wa pole wenyewe, kwa kuwa umetajwa kama tusi, tuuangalie unavyofanya kazi. Filamu huonyeshwa kwa picha 24 kwa sekunde. Ukipiga picha 48 au 96 kwa sekunde na kuzionyesha kwa kasi ileile ya 24, tendo linarefuka. Woo hakubuni hilo. Kurosawa wa Japani alikuwa nalo, na Sam Peckinpah wa Marekani alilifanya sahihi yake katika The Wild Bunch mwaka 1969, na Woo mwenyewe hakuwahi kuficha kwamba Peckinpah ni mwalimu wake, kama ambavyo hakuficha deni lake kwa Jean-Pierre Melville wa Ufaransa. Alichofanya ni kuweka kamera kadhaa kwenye tendo moja, kila moja na kasi yake, kisha mezani kwa mhariri akazisuka: upesi, pole, upesi. Waigaji wake wakaichukua mbinu wakaiweka kwenye risasi. Risasi inaelea, inazunguka, inapasua kioo, nasi tunashangaa. Woo huiweka kwenye uso. Anampunguzia kasi mtu aliyetambua sasa hivi amempiga nani.

Na mkitaka kuona kwamba anaweza kufanya kazi hata bila kukata, ipo Hard Boiled ya mwaka 1992. Sehemu ya hospitali: Tequila na Alan, askari wawili, mmoja wao aliyejipenyeza kwa majambazi, wanapita korido wakipambana, kamera iko nyuma yao, dakika 2 na nusu na ushee bila mkato hata mmoja. Katikati wanaingia kwenye lifti. Walipokuwa ndani ya lifti, mafundi nje walikuwa na kama sekunde 20 tu kufagia vioo na kuipanga upya korido ileile, ili mlango ukifunguka ionekane ni ghorofa nyingine. Huo ni ufundi, na ndio unaosifiwa kila mahali. Lakini ndani ya lifti kunafanyika nini? Alan ametambua hivi punde kwamba katika vurugu amempiga risasi askari mwenzake. Anaganda. Tequila anajaribu kumtuliza kwa maneno machache yasiyomtosha, mlango unafunguka, wanaendelea kuua. Mwongozaji amejitwisha mzigo wa kupiga yote kwa pumzi moja, na kitovu cha pumzi hiyo akakiweka kwenye mazungumzo ya watu wawili ndani ya kijichumba. Hiyo ndiyo hoja yangu yote, mnaweza kuniruhusu nikae.

Lakini sikai, kwa sababu kuna suala la Hollywood.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Woo alipopewa Hard Target mwaka 1993, akiwa na Jean-Claude Van Damme, studio ilimweka mwongozaji Sam Raimi karibu kama mtayarishaji, ikiwa mgeni atashindwa kazi ashike usukani. Kisha ikaja bodi ya kuainisha filamu, ikairudisha filamu mara kadhaa ipunguzwe damu ndipo iruhusiwe kuonyeshwa kwa watu wengi. Hapo mwenzetu wa kwanza ana haki kabisa: kilichokatwa si damu tu, ni mapigo ya muziki wake. Ukiondoa sekunde hapa na sekunde pale katika kazi ya mtu anayejenga kwa muda, umemwondolea matofali.

Ila kusema alikwisha huko? Na Face/Off je? Mwaka 1997, John Travolta na Nicolas Cage, askari na gaidi waliobadilishana nyuso. Kisa chenyewe ukikisimulia kwa mtu mzima anaweza kukupima homa. Lakini Woo alikiona kile alichokuwa akikitafuta miaka yote: adui aliyevaa uso wako, anayelala kwenye kitanda chako, anayempa binti yako ushauri ambao wewe ulishindwa kumpa. Kuna pale wanaposimama pande mbili za ukuta wa vioo, migongo ikielekeana, kisha kila mmoja anageuka na kuinua bastola. Anachokiona kwenye kioo ni sura yake mwenyewe, ambayo ni sura ya mtu anayemchukia kuliko wote. Anaifyatulia. Sijui kama kuna filamu nyingine ya studio kubwa ya miaka ile iliyopigwa kwa pesa nyingi hivyo ili kusema kitu kimoja hivyo, na ikaeleweka hata kwa mtoto.

Miaka mitatu baadaye, Mission: Impossible 2. Ilikuwa filamu iliyoingiza pesa nyingi kuliko zote duniani mwaka 2000, na mimi ni kati ya wanaoamini ni filamu tupu. Pikipiki zinapendeza. Tom Cruise anapendeza, nywele zinapendeza zaidi. Njiwa anaruka mbele ya moto kwa madaha. Lakini steringi yuko peke yake, adui yake hana alichonacho naye isipokuwa barakoa, na njiwa yule hana anayemlilia. Waliotaka ushahidi kwamba Woo ni mapambo matupu waipeleke hii mahakamani, sitapinga.

Sasa niwe mkweli kwenu, maana kuna filamu inayoniumiza katika hoja hii. Windtalkers, mwaka 2002. Kwenye karatasi ni ya Woo kutoka kichwani hadi vidoleni: vita vya Pasifiki, askari wa Marekani anapewa kazi ya kumlinda mwenzake wa kabila la Navajo anayetuma ujumbe kwa lugha ya siri, na amri ya chini kwa chini ni kwamba akielekea kutekwa, siri ilindwe hata kwa kumuua. Watu wawili, kiapo, hatia inayosubiri. Mbona imeanguka? Jibu langu ni kwamba mmoja wa wale wawili hakupewa kuwa mtu. Filamu inamfuata Nicolas Cage na majinamizi yake, yule Mnavajo aliyechezwa na Adam Beach anabaki mwema, mwema tu, kama mgeni kwenye filamu yake mwenyewe. Wawili wa Woo huwa wanapimana mizani sawa. Hapa mizani imelala upande. Atakayesema natafuta mlango wa kutokea, namruhusu.

Aliporudi China alipata muda wake. Red Cliff ilitoka kwa sehemu mbili, 2008 na 2009, zaidi ya saa 4 kwa jumla, filamu ghali kuliko zote zilizokuwa zimewahi kutengenezwa Asia wakati huo. Nchi za Magharibi ziliuziwa toleo moja lililofinywa hadi saa 2 na nusu hivi. Tafadhalini, msitazame hilo. Katika toleo refu, Zhuge Liang, mshauri wa vita, anakwenda kumwona jemadari Zhou Yu kumwomba waungane kwa vita. Badala ya kujadiliana, wanakaa na ala zao za nyuzi na kupiga muziki pamoja, Tony Leung upande huu, Takeshi Kaneshiro upande ule, mmoja akimsukuma mwenzake, mwingine akimjibu. Muziki ukiisha, Zhuge Liang anajua jeshi limepatikana. Ni mapigano mazuri kuliko mengi yenye mapanga. Na njiwa yumo! Anarushwa kutoka kambi moja, kamera inamfuata akivuka mto juu ya mamia ya merikebu hadi kambi ya adui yao Cao Cao, na kwa safari hiyo moja mtazamaji anajua majeshi yote mawili yako wapi na jinsi moja lilivyo dogo mbele ya jingine. Njiwa aliyepewa kazi.

Mwaka 2010 tamasha la filamu la Venice lilimpa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake. Wanaosema alikwisha 1993 wana hesabu ngumu hapo.

Nije kwenye tulizotazama karibuni, maana najua wengine mmekuja kwa hilo tu.

Silent Night ya mwaka 2023. Baba anampoteza mtoto kwa risasi ya majambazi waliokuwa wakikimbizana, naye anapigwa risasi ya koo na kupoteza sauti. Filamu karibu nzima haina mazungumzo. Dada yetu pale mbele ameisifu kwa ujasiri, na ujasiri upo. Mimi iliniacha baridi, na mnaweza kukisia sababu. Baba yule hana mtu. Mkewe anaondoka mapema, adui wake ni michoro ya ngozi yenye bunduki. Woo amejinyima maneno, jambo ambalo hajawahi kulihitaji sana, akajinyima na mtu wa pili, jambo ambalo hawezi kuishi bila yake. Dakika 20 za mwisho, pale kwenye ngazi, mkono wake unaonekana bado upo. Unatafuta wa kumshika.

The Killer ya 2024, aliyoitengeneza upya yeye mwenyewe akaipeleka Paris, muuaji safari hii ni mwanamke, Nathalie Emmanuel, na askari ni Omar Sy. Naifurahia zaidi ya wengi. Wale wawili wanaongea kama watu wanaopendana kubishana, na inajibu kwa sehemu lile shitaka zito kuliko yote dhidi ya Woo: kwamba wanawake wake ni wa kuliliwa au kuokolewa. Jenny wa 1989 ni wa kuliliwa, sina utetezi. Lakini ni filamu yenye tabasamu, na Woo wa zamani hakuwa akitabasamu. Atakayeanza na hii asidhani ameiona ile. Kazi zake za Hong Kong zimekuwa zikitolewa upya kwa nakala safi za 4K, kwa hiyo hakuna tena kisingizio cha kanda iliyochakaa.

Twilight of the Warriors: Walled In, ya Soi Cheang, 2024: itazameni. Kijana mkimbizi na kinyozi mzee anayemlinda ndani ya mji uliozungushiwa kuta wa Kowloon, Hong Kong, kabla hawajajua kilicho kati ya damu zao. Ngumi ni nyingi mno na sikuchoka.

Na John Wick: Chapter 4, 2023, ambayo nusu ya ukumbi huu inaiabudu. Chad Stahelski alikuwa mtu wa kuigiza matukio ya hatari badala ya nyota kabla ya kuwa mwongozaji, ndiye aliyeanguka badala ya Keanu Reeves kwenye The Matrix, na inaonekana: anajua mwili unavyoanguka. Mnataja lile onyesho lililopigwa kutoka juu, kama mtu ameezua paa. Zuri. Mimi nilisubiri Caine. Donnie Yen, muuaji kipofu, rafiki wa zamani aliyelazimishwa kumuua Wick ili binti yake aishi. Zile ngazi 222 za kupanda kwenda kanisa la Sacré-Cœur, Paris, Wick anaporomoka hadi chini kabisa na muda unayoyoma, anayekuja kumsaidia kupanda ni huyohuyo Caine, ambaye dakika chache mbele atasimama naye kwenye pambano la bastola mlangoni pa kanisa. Kipofu, kanisa, marafiki wawili, bastola mbili. Mliponiambia kwamba Woo amepitwa na wakati, mlikuwa mnashangilia nini pale?

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi naacha kipaza sauti, na ningeomba wa kwanza kukishika awe yule anayeitetea Mission: Impossible 2. Aje na zaidi ya pikipiki.